Sekunde tatu baada ya tobo

Jua likishaanza kuinamia upande wa Kibiti na joto la mchana kupungua, uwanja wa Nyamisati, kama uwanja wa kijiji chochote cha pwani yetu, hujaa bila ratiba wala filimbi. Timu zinagawanywa hapohapo: wawili wanaokubalika wanachagua mmojammoja, wenye mashati huku, vifua wazi kule, magoli ni ndala mbili kila upande, refa hayupo. Haupiti muda beki mmoja anapigwa tobo. Mpira umepita katikati ya miguu yake, mshambuliaji kaupokea nyuma yake, na kicheko kimelipuka mpaka kwa watoto waliokaa kando. Sekunde tatu zinazofuata ndizo ninazotaka kuzizungumzia. Beki anahisi aibu ikimpanda usoni. Anamtupia jicho aliyempiga tobo apate kujua kama anakejeliwa au mwenzake anafurahia mpira tu. Anajua kwamba akimkwatua, mchezo utavunjika na kesho huenda asichaguliwe. Na ndani ya pumzi moja anaamua kuufuata mpira, kumfuata mtu, au kucheka pamoja na waliomcheka. Hakuna mwalimu aliyemwelekeza. Amelipitia jambo hilo mara nyingi tangu utotoni, na kila alipokosea alilipa palepale.

Wanasaikolojia wana jina la kazi anayoifanya beki huyo. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer wa Marekani waliandika nadharia ya akili ya hisia, na mwaka 1997 wakaigawa katika sehemu nne: kutambua hisia, zako na za mwenzako, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zinavyozaana na kugeuka, na kuzitawala. Kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995 ndicho kilichoieneza dhana hii duniani, na kwa maoni yangu ndicho kilichoiharibia jina pia, kwa kuahidi makubwa kuliko ushahidi uliokuwapo. Mwaka 2005 Edwin Locke aliikataa kabisa, akisema ni akili ileile ya kawaida iliyoelekezwa kwenye hisia. Ugomvi huo wa majina nauacha kwa wenyewe. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba mtu anaweza kuwa na alama za juu akakosa staha, au kwamba yupo asiyesoma sana anayeweza kumtuliza mwenye hasira kwa neno moja. Linalohitaji ushahidi ni kama uwezo huo unamsaidia mwanafunzi, na kama unaweza kukuzwa. Kuhusu la kwanza, Carolyn MacCann na wenzake mwaka 2020 walikusanya tafiti zenye wanafunzi zaidi ya 42,000, wakakuta uhusiano wa takribani 0.20 kati ya akili ya hisia na matokeo ya masomo. Si mkubwa, ila upo, na ulikuwa na nguvu zaidi pale uwezo ulipopimwa kwa mtihani kuliko pale mtu alipoulizwa ajisifie mwenyewe. Kuhusu la pili, uchambuzi wa Victoria Mattingly na Kurt Kraiger wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watu wakifundishwa, uwezo huu hupanda. Kwa hiyo swali langu linabaki moja, la mahali: mwanafunzi wa chuo wa Tanzania aupate wapi, ikiwa hana fedha ya semina na chuo chake kina mshauri mmoja wa wanafunzi kwa maelfu?

Mtazame kwanza mwanafunzi mwenyewe. Kijana wa vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji, tuseme Maparoni au Kiongoroni, hutoka kwao kwa boti, hukamata gari kuelekea barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, kisha huanza safari ya chuo chochote alichopangiwa. Aliyekuwa shule ya msingi mwaka 2017 ndiye aliye chuoni leo. Mwaka huo Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilikuwa zikizika viongozi wa vijiji na askari waliouawa. Aprili polisi wanane waliuawa Mkengeni kwa siku moja, na baadaye bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mtoto aliyekulia katika jioni kama zile hujifunza kuuficha uso na kupima kila swali kabla ya kulijibu. Mwaka 2024 yakaja mafuriko ya Rufiji, mashamba na nyumba zikaenda na maji. Kisha kijana huyu anafika bwenini, chumba kimoja na wenzake kutoka Kagera, Mbeya na Pemba, boom la mkopo halijaingia, somo moja limemtupa kwenye sapu, mtihani wa kurudia, na mlango wa pili yupo aliyedisko, aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, ambaye bado hajapata ujasiri wa kumpigia simu mama yake. Nani anamwona? Mara nyingi hakuna, kwa sababu sisi wa pwani tumefundishwa kwamba mtu mzima hamwagi moyo wake mbele ya wageni. Naliheshimu fundisho hilo. Lakini kumeza kitu na kukitawala ni mambo mawili, na anayemeza tu kuna siku hutapika.

Hapo ndipo wengi hukimbilia jibu jepesi: wapeni michezo. Na tafiti za kuwaunga mkono hazikosekani. Nyingi huchukua kundi la wanafunzi, huwapa hojaji, hukuta kwamba wanaocheza wana alama za juu za akili ya hisia kuliko wasiocheza, kisha huhitimisha kwamba michezo ndiyo iliyowapa. Hitimisho hilo halisimami. Huenda aliyetulia na kupendeka ndiye anayealikwa uwanjani kwanza, na mwenye hasira alishafukuzwa zamani. Tena anayejijazia hojaji hujitazama kwa jicho la huruma. Upo pia ushahidi wa aina nyingine ulio imara zaidi, kama uchambuzi wa Michael Noetel na wenzake uliochapishwa mwaka 2024 kutoka majaribio 218 yenye watu zaidi ya 14,000, ulioonyesha kuwa mazoezi, hata kutembea au kukimbia polepole, hupunguza sononi. Hilo ni jema, na vikundi vya jogging vinavyoamsha mitaa ya Temeke kabla ya alfajiri vinaujua ukweli wake. Hata hivyo sononi kupungua ni nafuu ya mwili na moyo wa mtu mmoja. Anayekimbia peke yake anarudi mwepesi, lakini hakuna aliyempiga tobo.

Majaribio matatu ndiyo yaliyonifanya niachane na jibu jepesi. La kwanza lilifanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika mji uliotoka vitani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014 na Justin Richards na wenzake. Watoto wa miaka 11 hadi 14 waliingizwa kwa kura katika ligi ya mpira ya wiki 11, wengine wakabaki kwenye orodha ya kungoja. Wasichana hawakuonyesha tofauti. Wavulana walioingia kwenye ligi walitoka na dalili zaidi za sononi na wasiwasi kuliko waliokuwa wakingoja. Jaribio la pili ni la Salma Mousa, lililochapishwa mwaka 2020: kaskazini mwa Iraki, baada ya vita na kundi la Dola la Kiislamu, wachezaji Wakristo waliokuwa wamekimbia makwao waligawanywa kwa kura, baadhi katika timu zilizoongezewa Waislamu. Miezi kadhaa baadaye waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kufanya mazoezi na Waislamu na kuwapigia kura ya uungwana, lakini wema huo haukuvuka mstari wa uwanja. Kwa Waislamu wasiowajua mtaani, mwenendo wao haukubadilika sana. La tatu ni la Matt Lowe, lililochapishwa mwaka 2021, kwenye ligi ya kriketi nchini India. Kijana aliyecheza timu moja na watu wa matabaka mengine alipata marafiki miongoni mwao. Yule aliyekutana nao kama wapinzani tu, urafiki ulipungua.

Ukiyaweka pamoja majaribio hayo matatu, utaona kwamba mpira wenyewe haufundishi kitu. Unabeba kile ambacho mpangilio wake umewekewa. Ligi yenye msimamo wa pointi, kocha anayetaka kombe na mtoto aliyeshindwa mbele ya ndugu zake inaweza kumrudisha nyumbani ameumia. Timu inayomlazimu kumtegemea mtu asiyemwamini inaweza kumfungua. Na hata ikimfungua, ufunguzi huo hautoki wenyewe kwenda sokoni na darasani mpaka pawepo kitu cha kuutoa. Wachezaji wa Gulu walikuwa watoto na wa Iraki walikuwa watu wazima, kwa hiyo siwapachiki moja kwa moja juu ya mwanafunzi wa Mlimani au wa Dodoma. Ila mwelekeo wao ni mmoja, na unaniambia nianze na maamuzi ya mchezo: nani anayafanya?

Rudi kwenye uwanja wa ndala. Mpira umepita juu ya ndala. Goli au si goli? Vifua wazi wanapiga kelele kwamba limeingia, mashati wanasema limepita juu ya mtambaa wa panya, na mtambaa huo haupo popote isipokuwa vichwani mwao. Hakuna wa kupuliza. Wanabishana, mmoja anaapa, mwingine anamkumbusha kwamba hata juzi aliapa, mkubwa wao anapendekeza ipigwe penalti, na mchezo unaendelea. Yamepita mabishano ya dakika mbili ambamo kila mmoja amelazimika kupima hasira ya mwenzake na hamu yake mwenyewe ya kuendelea kucheza kabla giza halijaingia. Hamu hiyo ndiyo hakimu. Mwenye kususa na mpira wake anajua kwamba kesho atacheza danadana peke yake. Kila sehemu ya nadharia ya Mayer na Salovey imefanyiwa mazoezi hapo, kwa gharama ya mpira mmoja. Sasa mchukue kijana huyohuyo umpeleke chuoni. Kama ana kipaji, ataingia timu ya chuo, atavaa jezi, ataamuliwa na refa, atapangwa na kocha, na kazi yote ya kupatana itafanywa na watu wazima kwa niaba yake. Kama hana kipaji cha kutosha, na hao ndio wengi, atakaa jukwaani. Tumejenga ngazi nzuri, kutoka UMITASHUMTA ya shule za msingi hadi UMISSETA ya sekondari na UMISAVUTA ya vyuo vya ualimu, na imetoa wachezaji wa taifa. Lakini ni ngazi ya kuchuja, na kila inapopanda inawaacha wengi chini. Bonanza la mara moja kwa muhula haliwezi kuziba pengo la jioni zote zilizobaki tupu.

Nataka vyuo vihesabu wachezaji kuliko vikombe. Mkuu wa chuo anayeripoti kwamba timu yake imeshika nafasi ya pili aulizwe pia ni wanafunzi wangapi, wakiwemo wale wasiojua kupiga mpira, waligusa mpira wiki iliyopita. Uwanja uachiwe wanafunzi saa zile za jioni, timu zipangwe kwa kuchanganya mabweni na mikoa, zibadilishwe kila mara ili mpinzani wa leo awe mwenza wa kesho, na maamuzi yabaki mikononi mwao. Mlezi awepo kando kwa ajili ya usalama tu. Najua inaonekana kama kutaka watu wazima wafanye kazi ndogo zaidi. Kwa kweli ni ngumu zaidi, maana kukaa kimya vijana wanapobishana kunahitaji moyo.

Wapo watakaosema kwamba mpira bila refa ni kuwasha moto, na watataja ugomvi wa mashabiki na fujo za mechi za mchangani. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kuna ndondo zilizoishia hospitalini. Ila tazama ni wakati gani zinaishia huko: pale panapokuwa na dau, kombe la mtu mkubwa, au wachezaji waliokodiwa kutoka mbali ambao hawatakutana tena kesho asubuhi kwenye bomba la maji. Panapokuwa na kesho, watu hujizuia. Tena pwani tuna chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, nacho ni utani. Mtani ana ruhusa ya kukutolea maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi, hata msibani, na wewe una wajibu wa kuyapokea kwa kicheko. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Ndiyo maana neno hilo likahamia kwa Simba na Yanga, watani wa jadi. Kupigwa tobo na kuchekwa na watu unaowajua ni utani wa miguu. Unachoma, lakini una mipaka, na kijana anajifunza mipaka hiyo iko wapi kwa kuigusa. Chuoni, ambako makabila na dini zimekutana na si wote wenye utani wa asili baina yao, mchezo wa jioni unaweza kuutengeneza upya.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la wasichana. Picha niliyoichora ya vifua wazi haina nafasi yao, na kuipeleka chuoni ilivyo ni kuwaambia nusu ya wanafunzi wakae pembeni. Hapa ushahidi uko karibu na delta. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi na ambavyo kimoja chake kipo Ikwiriri, vimekuwa vikiwapokea wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito, wakisoma huku watoto wao wakilelewa hapohapo chuoni. Kupitia mpango wa Mpira Fursa unaoratibiwa na Karibu Tanzania Organization, vyuo hivyo vimeingiza soka la wanawake. Mama wa miaka 19 aliyetazamwa kwa macho ya lawama kijijini kwake anaingia uwanjani na kuita kwa sauti apewe pasi. Sauti hiyo ni jambo kubwa. Ameizuia kwa miaka miwili. Na wasiopenda soka wapo wengi ambao netiboli ni yao tangu shule ya msingi. Sheria ya netiboli inakupa sekunde tatu tu za kukaa na mpira, na anayekukaba anatakiwa asimame sentimita 90 mbali nawe. Humiliki kitu, huguswi, na lazima uone haraka nani yuko tayari kupokea. Mtu akinitaka nibuni zoezi la kusoma nyuso za wenzako chini ya shinikizo, sina hakika ningebuni bora zaidi. Wanachohitaji wasichana ni saa yao ya uwanja iliyoandikwa na kuheshimiwa, mahali pa kubadilishia nguo, na uhuru wa kuvaa hijabu na suruali bila mtu kuligeuza hilo kuwa mjadala. Bila hayo, kusema kwamba uwanja uko wazi kwa wote ni maneno matupu.

Kuna pia wanaouliza kwa haki: hata kama kijana amejifunza kumeza tobo, atajuaje kwamba barua ya sapu ni tobo nyingine? Iraki imeonyesha kwamba hatajua mwenyewe. Nairobi ina somo hapa. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliweka utaratibu ambao timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao. Kazi ya mtaani iliingizwa ndani ya hesabu ya mchezo, mstari wa uwanja ukasogezwa hadi kwenye mtaro wa taka. Chuo kinaweza kuusogeza kwa namna yake. Dakika kumi za kukaa chini baada ya mechi, wachezaji wakisemezana nani alikasirika na ni nini kilimtuliza, zinatosha kuanza. Timu ileile ikipewa jukumu la kumtembelea mwenzao aliyelazwa au aliyefiwa, pasi imeshatoka nje ya uwanja.

Nayasema haya nikijua kwamba ushahidi wetu wenyewe wa Tanzania bado ni mwembamba, na Nyamisati inatuonyesha jinsi ya kuunenepesha. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa malaria, akiwemo daktari Ingegerd Rooth kutoka Uswidi, waliweka makazi kijijini hapo, wakawafuata wanakijiji walewale mwaka baada ya mwaka, wakijua nani alipata homa lini na alikuwa na vimelea kiasi gani siku alipokuwa mzima. Walichojifunza kuhusu kinga kisingepatikana kwa kupita na hojaji mara moja na kuondoka na boti ya jioni. Hisia za vijana zinastahili uvumilivu uleule. Chuo kimoja kichukue wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotaka kucheza, wagawanywe kwa kura, nusu waingie kwenye mchezo wa jioni wa kujiamulia na nusu wabaki kwenye orodha ya kungoja kama ile ya Gulu, kwa mwaka mmoja. Wapimwe kwa mtihani wa kutambua na kutawala hisia, pasiwepo wa kujisifia, na wafuatwe hadi wanahitimu. Na pamoja na mtihani huo aulizwe mwenzake wa chumba, maana yeye ndiye aliyekuwapo siku matokeo ya sapu yalipobandikwa.